Kupeana Mkono si Kuunga Mkono: Ishara ya Heshima baina ya Wapinzani wa Kisiasa

Utangulizi

Katika kipindi kimojawapo cha mazungumzo kwa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, tulikuwa na zoezi la maamkizi. Zoezi lenyewe ni la kawaida: wanafunzi husimama wawili wawili, huamkiana, hupeana mkono, hujuliana hali, kisha huagana. Wiki hiyo ilikuwa ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Bila ya kujua, tuliwapanga pamoja vijana wawili waliokuwa wamegombea nafasi moja. Mmoja alikuwa ameshinda, na yule aliyeshindwa bado alikuwa na malalamiko juu ya kura. Walipofika mahali pa kupeana mkono, aliyeshindwa aliiweka mikono yake nyuma. Tulipomhimiza alijibu: "Mwalimu, nikimpa mkono watasema nimemuunga mkono."

Tulikosea siku hiyo. Tulisisitiza, tukamwambia kwamba hilo ni zoezi tu. Akatoa mkono mlegevu huku akiangalia dirishani, darasa zima likacheka, na kipindi kikaharibika. Baadaye, tulipokutana katika ofisi ya idara, tulikiri kwamba mwanafunzi yule alikuwa ameyaelewa maneno hayo mawili vizuri kuliko sisi tuliokuwa tukiyafundisha. Alijua kwamba mkono unaotolewa mbele ya watu husomwa na watu hao, na kwamba kila mmoja huusoma kwa namna yake.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo. Je, wapinzani wa kisiasa wanapopeana mkono, wanakuwa wamesema nini? Na je, anayeukataa mkono wa mwenzake anakuwa amekosa adabu, au amekataa kusema jambo asiloliamini? Tutaanza na lugha yenyewe, kisha tutatazama mifano ya Zanzibar, ya Kenya na ya hapa kwetu Uganda, na mwisho tutarudi darasani. Maoni yetu ni kwamba Kiswahili kimekwisha kutupatia tofauti tunayoihitaji: kupeana mkono ni jambo moja, kuunga mkono ni jingine, na matatizo mengi hutokea pale yanapochanganywa.

Mkono katika Kiswahili

Neno "mkono" lina kazi nyingi katika lugha hii. Mtu mkarimu ana mkono wazi, bahili ni mkono wa birika, na mwizi ana mkono mrefu. Aliyefiwa hupewa mkono wa pole, anayesafiri hupewa mkono wa buriani, na katika sikukuu watu hupeana mkono wa Idi. Anayejitoa katika jambo hunawa mikono. Aidha, wanafunzi wazingatie kwamba umoja na wingi vinaweza kubadili maana kabisa: aliyenyoosha mkono huenda anaomba nafasi ya kusema au anataka kusalimia, lakini aliyenyoosha mikono amesalimu amri.

Kwa habari ya kusalimiana, tuna vitenzi vitatu ambavyo ni muhimu kuvitofautisha.

(a) Kumpa mtu mkono. Hapa yuko mtoaji na yuko mpokeaji. Tukisema "Rais alimpa mkono kiongozi wa upinzani", tumeeleza kwamba Rais ndiye aliyeanza. Sentensi haisemi kama mkono huo ulipokelewa.

(b) Kupeana mkono. Hii ni kauli ya kutendana. "Rais na kiongozi wa upinzani walipeana mkono" ni sentensi isiyomweka yeyote juu wala chini. Wote wawili wametoa, wote wawili wamepokea. Kwa hiyo mwandishi wa habari anapochagua baina ya "alimpa" na "walipeana", amekwisha kutoa maoni yake bila ya kuongeza neno.

(c) Kuunga mkono. Hapa hakuna salamu tena. Kuunga ni kuviambatisha vitu viwili hata viwe kitu kimoja. Anayemuunga mkono mgombea amekubaliana naye, na yu tayari kuonekana upande wake.

Tofauti ya (b) na (c) inaonekana hata katika kitendo chenyewe. Watu wanapopeana mkono, baada ya muda mfupi kila mmoja huuchukua mkono wake na kwenda zake. Kuunga mkono kunadumu mpaka mtu atangaze kwamba ameacha. Ndiyo maana inawezekana kabisa kumpa mkono mtu ambaye humuungi mkono. Wahenga walisema heshima si utumwa, na tunaweza kuongeza kwamba si makubaliano pia.

Vilevile tuyatazame majina tunayowaita watu wanaogombania madaraka. Mshindani anakitaka kile unachokitaka wewe. Mpinzani anayapinga mawazo yako. Hasimu ana ugomvi nawe. Adui anakutakia mabaya. Katika kampeni maneno haya huteleza upesi: anayeanza kuwa mshindani mwezi wa kwanza huitwa adui ifikapo siku ya kura. Kupeana mkono hadharani ni njia mojawapo ya kumrudisha mtu kutoka kwenye neno "adui" hadi kwenye neno "mpinzani". Si jambo dogo, kwa kuwa wafuasi hufuata maneno ya viongozi wao, na adui hutendewa tofauti na mpinzani.

Jambo la mwisho kuhusu lugha ni kwamba mkono si salamu pekee ya heshima. Pwani ya Afrika Mashariki kijana huweza kuubusu mkono wa mzee wake. Katika familia nyingi za Kiislamu mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawapeani mkono, na mtu huweka kiganja kifuani akainamisha kichwa. Kutotoa mkono kwa namna hiyo si kumkataa mtu. Kwa hiyo tusihukumu kwa kuutazama mkono peke yake. Tuangalie pia nani, wapi, na mbele ya nani.

Zanzibar: mkono uliotolewa na mkono uliokataliwa

Hakuna mahali katika eneo letu ambapo mkono wa mpinzani umebeba uzito mkubwa kama Zanzibar. Katika uchaguzi wa mwaka 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF aliyepewa asilimia 49.8. CUF haikuyakubali matokeo hayo wala haikumtambua Rais. Yakafuata mapatano yaliyoitwa Muafaka, wa kwanza mwaka 1999 na wa pili Oktoba 2001. Huu wa pili ulikuja baada ya maandamano ya Januari 2001 ambayo yalimwaga damu, hasa Pemba, na kuwafanya watu wengi wakimbilie Shimoni nchini Kenya. Mapatano yote mawili yaliandikwa na kutiwa saini, lakini hayakuumaliza uhasama. Wakati huo, upinzani ulikuwa umeingia hadi katika maisha ya kila siku. Wazanzibari wengi wanakumbuka watu waliogawana maduka, vyombo vya usafiri, misikiti na hata maziko kwa misingi ya chama.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, uso kwa uso. Baada ya hapo CUF ilimtambua Karume kuwa ni Rais. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 walikubali muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.1, na Maalim Seif alipata asilimia 49.1. Tofauti ilikuwa ndogo kama ile ya 1995, lakini safari hii aliyeshindwa aliyapokea matokeo na akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Wanafunzi wa lugha watazame jina lililotumika. Yale ya 1999 na 2001 yaliitwa "muafaka", yaani kuafikiana juu ya jambo. Haya ya 2009 yaliitwa "maridhiano". Shina lake ni lile la "radhi", ambalo tunalo katika "niwie radhi" na katika "radhi za wazazi". Watu wanaweza kuafikiana kwa sababu wamechoka au wamebanwa na msuluhishi. Kuridhiana kunataka moyo. Jina hilo lilisema kwamba safari hii watu wamekubaliana wao kwa wao.

Hata hivyo, mkono uliotolewa unaweza kurudishwa. Matokeo ya uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 yalifutwa siku tatu baadaye na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha. CUF iliukataa uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016, na Dk. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Miezi mitano baadaye, Agosti 2016, alifariki Mzee Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa pili wa Zanzibar. Wakubwa wa nchi walihudhuria maziko yake. Hapo, mbele ya watu, Rais Shein alimpa mkono Maalim Seif, na Maalim Seif hakuupokea.

Tukio hilo la nukta chache lilizungumzwa kwa wiki nyingi. Rais John Magufuli, alipozuru Zanzibar Septemba 2016, alilizungumzia mbele ya hadhara na kumsifu Dk. Shein kwa uvumilivu wake. Waliomlaumu Maalim Seif walisema kwamba msibani si mahali pa siasa, kwamba mkono wa msiba ni mkono wa pole, na kwamba hata watu waliokosana hupeana mkono mbele ya jeneza. Waliomtetea walisema kwamba mtu anayesema hadharani kuwa fulani si rais halali hawezi kumpa mkono mbele ya kamera, kwani kesho yake picha itasema kinyume cha maneno yake.

Hatuandiki hapa kuamua nani alikuwa na haki. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba pande zote mbili ziliuelewa mkono ule, ila kila upande uliusoma kwa msemo wake. Upande mmoja uliona "kupeana mkono", yaani heshima ya kibinadamu. Upande wa pili uliona "kuunga mkono", yaani kuukubali urais uliokuwa ukigombaniwa. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza angewaelewa wote wawili.

Kisa hiki kina nyongeza mbili. Tarehe 3 Machi 2020, dunia ilipoanza kuuogopa ugonjwa wa korona, Rais Magufuli alikutana na viongozi wa upinzani Ikulu jijini Dar es Salaam. Yeye na Maalim Seif, ambaye wakati huo alikuwa amehamia ACT-Wazalendo, walisalimiana kwa kugusanisha miguu, na picha yao ikaenea kila mahali. Mikono haikugusana, na bado watu waliiona heshima. Kisha, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, ambao chama chake kiliyalalamikia vikali matokeo na mwenendo wake, Maalim Seif alikubali tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, chini ya Dk. Hussein Ali Mwinyi. Aliapishwa Desemba 2020, akafariki tarehe 17 Februari 2021. Mtu yule yule aliyeukataa mkono 2016 aliutoa 2020. Pengine funzo ni kwamba kukataa mkono si lazima kuwe ni kuufunga mlango milele.

Kenya: kutoka mkono hadi "handisheki"

Kenya imekuwa na mikono miwili mashuhuri, na yote ilitolewa mbele ya jengo la Harambee House jijini Nairobi.

Wa kwanza ni wa mwaka 2008. Uchaguzi wa Desemba 2007 baina ya Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga ulifuatiwa na ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu kutoka makwao. Kofi Annan alikuja kusuluhisha. Tarehe 24 Januari 2008 wapinzani hao wawili walipeana mkono hadharani, na nchi nzima ikavuta pumzi. Lakini siku hiyo hiyo Rais Kibaki alijieleza katika hotuba yake kuwa ni rais aliyechaguliwa kihalali, na upande wa ODM ukalalamika kwamba mkono wao umetumiwa kuthibitisha jambo wanalolikataa. Tunaona tena tatizo lile lile: mkono uliotolewa kwa ajili ya amani ulifasiriwa papo hapo kuwa ni kuukubali ushindi. Ilipita zaidi ya mwezi mmoja, hadi 28 Februari 2008, ndipo wawili hao walipotia saini mapatano ya kugawana madaraka, na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania akishuhudia pamoja na Annan. Raila Odinga akawa Waziri Mkuu katika serikali ya mseto, ambayo wananchi kwa utani waliiita "nusu mkate".

Mkono wa pili ni wa 9 Machi 2018. Safari hii hapakuwa na msuluhishi aliyesimama katikati. Uchaguzi wa Agosti 2017 ulikuwa umefutwa na Mahakama ya Juu, wa marudio ukasusiwa na Odinga, na tarehe 30 Januari 2018 Odinga akajiapisha kuwa "rais wa wananchi" katika bustani ya Uhuru. Wiki chache baadaye yeye na Rais Uhuru Kenyatta walijitokeza pamoja, wakasoma taarifa, wakapeana mkono. Viongozi wenzake wa muungano wa NASA hawakuwa wamehusishwa.

Kwa walimu wa Kiswahili tukio hilo lilizaa jambo la pekee, nalo ni neno jipya. Magazeti na redio za Kenya zilianza kuandika na kutamka "handisheki". Wapo walimu wanaolikataa neno hilo kwa hoja kwamba "kupeana mkono" tunako. Maoni yetu ni tofauti kidogo. Ukisikiliza vizuri utaona kwamba "handisheki" haikuchukua nafasi ya "kupeana mkono". Hakuna anayesema kwamba amefanya handisheki na jirani yake sokoni. Neno hilo limebana maana: ni mapatano ya kisiasa baina ya wakubwa wawili waliokuwa wakipingana, pamoja na faida na lawama zake. Kwa hiyo Wakenya walisema "kabla ya handisheki" na "serikali ya handisheki" kama watu wanaotaja majira. Lugha ilihitaji neno kwa ajili ya mkono uliogeuka kuwa kuungana mkono, ikaliazima.

Na kweli uligeuka. Ghasia zilipungua, biashara ikarejea, na jambo hilo si la kubezwa. Lakini kiongozi wa upinzani alipoacha kuipinga serikali, Bunge lilibaki bila ya upinzani wenye nguvu. Mpango wa Maridhiano, maarufu kwa jina la BBI, uliotokana na mkono huo ulitaka kuibadili Katiba. Mahakama Kuu iliuzuia Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikaukamilishia safari yake tarehe 31 Machi 2022. Naibu wa Rais, William Ruto, ambaye alijikuta nje ya mapatano hayo, aliifanya "handisheki" kuwa hoja ya kampeni na akashinda uchaguzi wa Agosti 2022 dhidi ya Odinga mwenyewe. Kisha, baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Ruto na Odinga nao wakakaribiana. Baadhi ya viongozi wa ODM wakaingia katika Baraza la Mawaziri, na tarehe 7 Machi 2025 vyama vyao vikatia saini mapatano ya ushirikiano. Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba 2025.

Tunajifunza nini? Kwanza, mkono huweza kuokoa maisha, na anayeubeza hajaona nyumba zikiungua. Pili, mkono wa wakubwa wawili hauwatibu wadogo waliojeruhiwa. Wahenga walisema: "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune." Tatizo ni kwamba katika siasa zetu wako waliokwisha kukatwa kwa mapanga wakati wa ugomvi, na wakati wa mapatano wengine ndio wanaobeba kapu. Tatu, nchi inahitaji wapinzani wanaopeana mkono na bado wakaendelea kupingana. Wasipopeana mkono watu hufa, na wakiungana mkono kabisa anakosekana wa kuuliza maswali.

Na kwetu Uganda

Wasomaji wetu wa hapa wasidhani kwamba haya ni mambo ya majirani peke yao. Tarehe 17 Desemba 1985, jijini Nairobi, chini ya uenyekiti wa Rais Daniel arap Moi, Jenerali Tito Okello na Yoweri Museveni walitia saini mkataba wa amani baada ya mazungumzo ya miezi kadhaa. Siku 40 baadaye, tarehe 26 Januari 1986, jeshi la NRA lilikuwa limeiteka Kampala. Karatasi ilikuwapo, na saini zilikuwapo. Kilichokosekana ni ile kauli ya kutendana, kwa kuwa hakuna upande uliouamini mwingine. Ni vizuri kukumbuka hilo tunapoona picha nzuri gazetini. Mkono ni ahadi ndogo, na ahadi hupimwa kwa yanayofuata.

Mambo ya kuzingatia darasani

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwa walimu wenzetu yafuatayo:

(a) Tusimlazimishe mwanafunzi kupeana mkono katika zoezi. Tumfundishe njia zaidi ya moja ya kuonyesha heshima: kuweka mkono kifuani, kuinamisha kichwa, au kusema tu "Habari za leo, ndugu yangu." Mkono wa kulazimishwa haufundishi maamkizi.

(b) Tufundishe "kumpa mkono", "kupeana mkono" na "kuunga mkono" katika somo moja, sio kuviacha katika orodha tatu za misamiati. Mwanafunzi atunge sentensi inayovitumia vyote vitatu kuhusu watu wale wale.

(c) Tutumie magazeti ya Kenya na ya Tanzania kwa pamoja. Wanafunzi watafute namna tukio moja lilivyoelezwa: ni nani "alimpa", akina nani "walipeana", na wapi mwandishi ameandika "mahasimu" ambapo mwingine ameandika "wapinzani".

(d) Katika tafsiri, tusilete neno moja kila mahali. Ikiwa matini inahusu salamu, "kupeana mkono" kunatosha. Ikiwa inahusu tukio la Kenya la 2018, "handisheki" inafaa, pamoja na maelezo mafupi kwa msomaji asiyelijua. Ikiwa inahusu Zanzibar ya 2009, neno la wenyewe ni "maridhiano".

(e) Tuwape wanafunzi lugha ya kupingana kwa heshima: "Nakuheshimu ndugu yangu, lakini katika hili sikubaliani nawe", "Naomba nitofautiane nawe", "Hoja yako nimeisikia, ila naiona hivi." Sentensi hizi hufanya kwa maneno kazi ile ile ambayo mkono hufanya bila ya maneno.

Hitimisho

Kupeana mkono baina ya wapinzani ni kukiri kwamba aliye mbele yako ni mtu mwenye hadhi, na kwamba mtaendelea kuishi katika nchi moja baada ya kura kuhesabiwa. Huko si kukiri kwamba ameshinda kwa haki, wala si kuahidi kunyamaza. Anayeutoa mkono ana wajibu wa kutoutumia kumnyamazisha mwenzake, na anayeupokea ana haki ya kusema wazi kwamba ameupokea kwa ajili ya heshima tu. Watazamaji nao wana wajibu wa kutosoma zaidi ya kilichoandikwa.

Na mwanafunzi wetu je? Tulimwita, tukamwomba radhi kwa kumlazimisha mbele ya wenzake. Alitusikiliza, akasema yamekwisha, akatupa mkono. Kama alikuja kumpa mkono na yule mwenzake baadaye, hatukumwuliza.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti ya maana baina ya "Waziri alimpa mkono mbunge wa upinzani" na "Waziri na mbunge wa upinzani walipeana mkono."

2. Tunga sentensi mbili kwa kila msemo: kunyoosha mkono, kunyoosha mikono, kunawa mikono, kuunga mkono.

3. "Msibani si mahali pa siasa." Jadili kauli hii kwa kutumia kisa cha Zanzibar cha Agosti 2016. Toa hoja za pande zote mbili kabla ya kutoa yako.

4. Je, neno "handisheki" liingizwe katika kamusi ya Kiswahili? Kama jibu lako ni ndiyo, liandikie fasili isiyozidi maneno ishirini.

5. Katika lugha yako ya kwanza, ni maneno gani hutumika kwa "kupeana mkono" na kwa "kuunga mkono"? Je, yana neno moja ndani yake kama ilivyo katika Kiswahili?